Chuma Ndani ya Pinusi za Mama

Mti hauna mfupa. Hilo hata mutoto mdogo analijua.

Lakini siku ile, uani kwa mama Kinama, mbele ya macho yangu, mashini ya fundi iliuma mfupa ndani ya mti, ikapiga kelele, na mutu akaanguka chini na damu.

Na mi nikasimama pale nikijua ni kazi yangu.

Subirini. Niwaeleze pole pole, maana nikianza na hasira mtadhani nawasingizia ndugu zangu.

Naitwa Asiya. Mi ni mutoto wa mtaa wa Buyenzi, nauza pyesi, vipuri vya gari. Mdogo wangu Anouar ni fundi wa moteri, garaji yake iko nyuma ya duka langu. Marehemu baba alituachia hiyo kazi pamoja na mdomo mkali, ambao nilirithi mi peke yangu.

Mama yetu, Khadidja, alichoka nyumba za kupanga. Alisema amezeeka akiishi kwa ufunguo wa mutu mwingine. Tukamtafutia parseli, kiwanja, kule mtaa wa Kinama, kuta zikapanda. Juu, badala ya mabati, tukafunga shitingi, lile turubai la wakimbizi. Mama akahamia hivyo hivyo, hakusikia la mutu.

"Mama, shitingi ni ya muda tu," Anouar akamwambia.

"Hata mi ni wa muda. Leteni paa."

Haya. Mbao za paa zilikuwa zimetushinda bei, na mvua ilikuwa imeshaanza kubisha hodi. Ndipo Mungu akaleta upepo. Huko juu milimani dhoruba ililaza pinusi nyingi kando ya shule moja, wenyewe wakasema mwenye kuweza kuziondoa azichukue. Anouar akaazima kamyo, lori la mteja wake, akarudi na magogo mazima, yananukia utomvu mpaka barabarani. Tukayapanga uani kwa mama.

Siku hiyo nilimkumbatia mdogo wangu mbele ya watu. Furaha yenyewe haikumaliza wiki.

Kumpata mutu wa kuyapasua ikawa vita. Wa kwanza alikuwa na kiwanda cha mbao mjini, akataka tumpelekee magogo kwake, ayapasue siye tukiwa hatupo. Nikamwambia asante baba, gogo langu si mutoto wa shule, siliachi getini.

Wa pili alijiita Vainqueur. Akazunguka magogo akitabasamu, halafu akaniuliza eti mama analala peke yake? Nikamwonyesha barabara.

Halafu asubuhi moja nikafika nikakuta gogo moja halipo.

Tena lile nyoofu, la juu kabisa. Mahali pake pamebaki maganda.

Sikupiga kelele. Mi nikikasirika kweli kweli, nanyamaza. Nikajiuliza: gogo kama lile mutu mmoja halibebi. Linataka wanaume na kamba. Nani ana vijana wenye nguvu? Nani anajua kuazima kamyo?

Mchana ule ule nikamkuta Anouar akinong'ona na seremala wa mtaa wa Bwiza. Aliponiona, akakata maneno.

Jioni nikamrushia ndoano. "Anouar, umepita kwa mama? Magogo yako sawa?"

"Yako sawa, dada," akasema, huku anafuta mikono na kitambaa. Hakuniangalia.

Hakuniangalia! Basi nikafunga kesi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mama sikumwambia neno. Ana tansiyo, presha, na mutoto mwizi si habari ya kumpelekea mutu mwenye tansiyo.

Sasa mjue desturi yetu. Buyenzi, mutu mwenye akili hapeleki gari garaji bila kupiga alama kwenye pyesi zake, mahali pa siri. Ukienda kunywa chai unaweza kurudi ukute moteri imebadilishwa moyo. Na baba alitufundisha vizuri: alama ya rangi inafutika, ya patasi inasuguliwa. Alama ya kweli inakaa ndani.

Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini na mama yuko kwa jirani, nikaja na nyundo na gololi za beringi. Kila gogo nikalipigia gololi moja kwenye kichwa, nikaisukumia ndani kabisa, nikaziba na utomvu na udongo. Gogo lolote likija kuonekana Bwiza kwa yule seremala, nitatoa gololi yangu mbele ya mashahidi, na Anouar atafute pa kuficha uso.

Wallahi nilijiona mjanja kuliko polisi.

Huyo jirani wa mama ni Dorothée, mjane kutoka upande wa Uvira. Naye sikumwamini. Tangu magogo yafike, alikuwa anamletea mama sombe, yaani kisamvu, mihogo, ndizi, mara hiki mara kile. Mutu mumejuana jana, mapenzi yote hayo yanatoka wapi? Ua wake sikuwahi kuuvuka.

Na ni yeye aliyetuletea Byamungu.

"Ni mutu wa kanisa yetu," akamwambia mama. "Alivuka mpaka na ile mashini tu, hana kingine. Anapasua mbao vizuri."

Mi nikasema moyoni: hee, sasa kundi limetimia.

Byamungu akaja. Mrefu, mkimya, mashini ya kukatia miti ameipakata kama mutoto mgonjwa. Hakusalimia sana. Akagongagonga magogo kwa mgongo wa panga, akabandua ganda hapa, akanusa pale. Nilimfuata nyuma kila hatua. Alipochuchumaa, nikachuchumaa.

"Dada, umepoteza kitu?" akaniuliza.

"Bado," nikajibu.

Mama akacheka. Byamungu hakucheka. Akatuita wote watatu, mi, Anouar na mama, akaweka mashini chini.

"Mbele ya kuwasha, naomba jibu moja. Hii ni miti ya kuokota, na mu miti ya kuokota munakuwaka chuma. Misumari, waya. Shene, mnyororo wa mashini, ikigonga chuma inakatika, inaweza kuniua. Mu hii miti kuna chuma?"

"Mi sijui, baba," mama akasema. "Waulize hawa."

Nikamwangalia Anouar. Anouar akaniangalia.

Nikisema kuna, nitaulizwa ya nini. Nikieleza ya nini, mama atasikia kwamba mutoto wake ni mwizi.

"Apana," nikasema.

"Apana," akasema Anouar, karibu kwa pamoja na mi.

"Watoto wangu hawasemi uongo," mama akamwambia fundi.

Lile neno lilinichoma. Nikajaribu kujiokoa. "Fundi, si ungekata kwanza vichwa vya magogo? Vimepasukapasuka, tutapikia."

"Paa yenu inataka mbao ndefu. Siwezi kuzifupisha bure."

Nikanyamaza. Ndiyo, nilinyamaza. Nikajiambia gololi ni kadogo, pengine itapita tu.

Akavuta kamba, mashini ikanguruma. Gogo la kwanza likaanza kufunguka, unga mweupe unaruka, harufu tamu imejaa uani. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya shitingi, anaangalia paa lake likizaliwa. Nikaanza kupumua.

Ghafla: kraaa!

Cheche. Shene ikaruka hewani. Byamungu akaenda chini, mashini ikazima, na mkono wa shati lake ukawa mwekundu.

"Yesu!" Dorothée akapiga kelele kule kwenye ua wake.

Moyo wangu ukasema: gololi yako, Asiya. Umeua mutu.

Nikakimbia. Byamungu alikuwa macho, ameshika mkono. Shene ilimchana toka kiwiko mpaka karibu na kiganja. Nikavua mtandio wa juu nikamfunga. Lakini yeye alikuwa anatazama gogo. Akanyoosha mkono mzima, akachokoa ule mpasuko kwa ncha ya panga, akatoa chuma.

Haikuwa gololi.

Ilikuwa kichwa cha bulo, yaani bolti, imekatwa kwa msumeno, nyeusi kwa girisi. Bulo ya moteri. Imetoka katikati ya gogo, chini ya ganda, mahali ambapo mi sikugusa.

"Hii haikuota humu," Byamungu akasema.

Nikageuka. Anouar alikuwa amekwisha kalia udongo, mikono kichwani.

"Gogo moja lilipotea," akasema, sauti imemtoka kidogo. "Nilifikiri ni dada. Ni yeye anajuana na watu wa Bwiza, ni yeye kila saa yuko hapa. Hata seremala niliyempa kazi ya mlango wa mama nilimuuliza kama dada amemletea pinusi. Siku ya harusi ya binamu yetu Houda, wote mukiwa huko, nilikuja nikapiga bulo mu magogo. Nilitaka gogo lingine likiibiwa nilitambue."

Sasa nisikilizeni vizuri. Mnajua nilisikia nini wakati ule? Furaha. Haikuwa mi! Na kwa ile furaha nikafungua mdomo.

"Mi? Anouar, mi? Mutu wa tumbo moja na wewe, unanifanya mwizi? Huoni haya? Ona damu ya watu!"

Nikahubiri. Damu inatoka kwa mutu na mi nahubiri.

"Asiya!" mama akanguruma. "Mubebeni kwanza!"

Nyumba ya karibu ilikuwa ya Dorothée. Kwa mara ya kwanza nikavuka ule ua. Tukamketisha Byamungu jikoni, Dorothée akaleta maji na chumvi, akaanza kumwosha. Mi nikainua macho nitafute kitambaa safi.

Nikaliona.

Ukuta wa jiko ulikuwa umelala nusu, na kilichoshika paa lisimwangukie mwenye nyumba lilikuwa gogo. Pinusi. Nyoofu, limebanduliwa maganda, bado linatoa utomvu.

"Mwizi!" Nilipiga kelele mpaka mbwa wa karitye, mtaa mzima, wakajibu. "Mwizi ndiye huyu! Anatulisha sombe kumbe anatuibia! Na huyu fundi wake..."

"Nilimpa mimi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshika nguzo.

"Mvua ya wiki ile ilimwangushia ukuta," akasema. "Alilala nje na wajukuu. Nikamwambia achukue gogo moja, wanaume wa kanisa lake wakaja kulibeba. Wewe unahamia mahali, mvua inamlaza jirani nje, na uani kwako kuna magogo, utafanya nini? Utayahesabu?"

Dorothée alikuwa anaosha mkono wa Byamungu, machozi yanamshuka.

"Lakini mama," nikasema, "mbona hukutuambia?"

"Tangu lini sadaka inatangazwa, Asiya? Nani alikufundisha?" Akatuangalia, mi, halafu Anouar. "Na nyinyi, mbona hamkuuliza? Nilikuwa hapa hapa. Swali moja tu."

Byamungu akakohoa. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa maumivu, lakini sauti ilikuwa ile ile ya asubuhi.

"Bon, haya. Mi naombaka jibu moja tu. Mu ile miti ingine, kuna chuma ingine?"

"Bulo zangu nitaonyesha zote," Anouar akasema haraka. "Ni zangu tu. Dada hana kosa. Dada, nisamehe."

Mnaona hapo? Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningeweza kupokea msamaha, niende zangu nyumbani nikiwa mutu msafi, usiku nirudi na koleo. Mdogo wangu alikuwa ananiomba msamaha mbele ya mama, na mi nilikuwa na gololi ndani ya kila gogo.

Nikaangalia ule mkono uliochanika.

"Kuna chuma," nikasema. "Mu vichwa. Kila gogo. Niliweka mi, kabla hata... nilifikiri ni Anouar."

Dorothée aliacha kuosha.

Anouar akanitazama, halafu, Mungu wangu, yule mjinga akaanza kucheka. Anacheka na machozi yanamtoka. "Gololi, dada? Ulipiga gololi?"

"Alama ya kweli inakaa ndani," nikasema, na kilio kikanishika.

Mama hakucheka. Akasema neno moja, na hilo ndilo nalala nalo mpaka leo.

"Baba yenu alipiga alama kwa ajili ya wateja. Hakupiga hata siku moja kwa ajili ya mutoto wake."

Tulishinda siku zilizofuata tumepiga magoti uani, mi na Anouar, na patasi, tukichimba chuma chetu wenyewe. Mi nilimwonyesha zangu, yeye akanionyesha zake. Anouar akamtengenezea Byamungu mashini, shene mpya, na mkono ulipopona akarudi. Kabla ya kuwasha akatuuliza tena lile swali lake. Safari hii tulijibu tukimwangalia machoni.

Paa la mama likapanda. Moja ya zile mbao ina tundu na doa jeusi mahali pa bulo. Tulitaka kuitupa, mama akakataa. Akaagiza ipigiliwe sebuleni, juu ya mkeka tunapokulia, ili kila tukiinua macho tuione. Dorothée naye huja kula pale. Mi ndiye ninayempakulia.

Wazee walisema kuuliza si ujinga. Mi naongeza langu, ndugu msomaji. Kama kuna mutu wa nyumbani kwako unamshuku, na umeshafunga kesi moyoni kwa sababu tu hakukuangalia, nenda umuulize leo, kabla hujashika nyundo. Swali halijawahi kukata shene ya mutu.