Vipimo vya Mama Feisal

Leonia, au Mama Heriel kama wengi walivyomwita, fundi cherehani wa karibu na soko la Babati, alikuwa na mazoea ya kurusha kila nguo aliyoimaliza kwenye stetasi yake ya WhatsApp. Wateja walipenda. Naye hakuona ubaya. Wanaotazama si watu wake, wenye namba yake?

Jumanne moja alimaliza gauni la Mama Feisal, mwenye duka la vitenge, la kuvaa kwenye harusi ya binti yake. Mama Feisal alikuwa amekatwa titi mwaka uliotangulia, na nje ya nyumba yake aliyejua ni Leonia peke yake, kwa kuwa ndiye aliyempima. Leonia akalitandaza gauni mezani, akalipiga picha, akairusha, akarudi kwenye cherehani.

Saa sita akapigiwa na Coletha, anayeimba naye kwaya. "Mama Heriel, futa hiyo picha haraka! Daftari lako linasomeka."

Leonia akaikuza picha kwa vidole. Pembeni ya gauni lilionekana daftari lake la vipimo, limefunuliwa, na kwa mwandiko wake mwenyewe: Mama Feisal, titi la kushoto hakuna, weka sponji. Watu tisini na wawili walikwisha kutazama. Akaifuta.

"Imeshafika kwenye kundi la wafanyabiashara," Coletha alisema kwa sauti ya chini. "Lakini si amepona? Ugonjwa siyo aibu."

Maneno yale hayakumfariji. Aliyestahili kuyasema hakuwa Coletha.

Akalikunja gauni, akaenda dukani. Mama Feisal alikuwa amekaa, simu mkononi, mtandio ameushusha hadi tumboni.

"Shikamoo, Mama Feisal."

Hakuitikia. "Wifi yangu amenipigia kutoka Singida kunipa pole. Mama yangu ana presha, nilimficha. Naye ameshaambiwa."

"Nisamehe, mama. Sikuliona daftari."

"Nilikuvulia nguo unipime, Mama Heriel. Hata dada zangu sikuwavulia."

Leonia akapiga magoti palepale, mbele ya wateja.

"Inuka," Mama Feisal akasema. "Usiniongezee watazamaji."

Gauni alilipokea, ila siku ya harusi alivaa dera pana la dukani kwake.

Siku hizi wateja wakimuuliza Leonia mbona harushi tena nguo zake, hujibu kwamba simu imeharibika. Ukweli wenyewe hajaweza kuutamka. Na akienda stendi huzunguka kwa njia ya nyuma, asipite mbele ya duka la vitenge.