Mpaka Usio na Geti

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nilipopakia sanduku la mwanamke wa kwetu Tanga kwenye gari nikamwambia, "Tulia dada, barabara hii mimi naijua." Sikuijua. Ngoja nizime hiki kiyoyozi, kinanipigia kelele. Habari hii siwezi kuisimulia nikiwa nimekaa. Wewe kaa, mimi nitasimama.

Umeniambia Alhamisi mnaondoka hapa Doha, wewe na familia ya kafili wako, tajiri aliyekudhamini kazi, mnakwenda Ulaya, na huko utawaendesha nchi hadi nchi. Umefurahi mpaka umenunua miwani ya jua. Sikucheki, nami nilifurahi hivyo hivyo. Kafili wangu wa wakati ule, mtu mzima mwenye huruma, kila joto lilipozidi alikwenda na familia yake kukaa kwenye mji mmoja mdogo wenye ziwa, Austria. Tulishukia Munich, Ujerumani, akakodi magari mawili. Moja aliendesha Mzee Omari, mtu wa Mombasa, dereva wa nyumba ile tangu mimi sijui hata kushika usukani. La pili nikapewa mimi.

Kabla hatujaondoka Mzee Omari alinivuta kando. Akaniambia Ujerumani gari dogo halilipii barabara, lakini Austria barabara zao kuu zinataka stika ya ushuru kwenye kioo cha mbele. Nisimame kituo cha mafuta, niinunue kabla ya mpaka. Nikasema ndiyo mzee. Moyoni nikasema, nitanunua palepale mpakani, haraka ya nini?

Maana mpaka niliokuwa naujua mimi ni Horohoro, unapotoka Tanga kwenda Kenya. Pana geti, pana foleni, pana askari anayekutazama kama umemwibia kuku. Na huu wa hapa kwetu wa kwenda Saudia nao una mageti na mihuri yake. Basi nikaendesha nikingoja geti. Nikangoja, nikangoja. Milima ikaja, ng'ombe wakaja, mara simu yangu ikalia: ujumbe wa kunikaribisha Austria. Lo! Nilikuwa nimeshavuka kitambo, na geti sikuliona.

Siku hiyo hakuna aliyenisimamisha. Tulipofika hotelini Mzee Omari alikitazama kioo cha gari langu, kisha akanitazama mimi.

"Stika iko wapi?"

"Mzee, mbona hawa hawana mpaka? Wameufuta."

"Hawakufuta kitu. Wameondoa geti tu. Mpaka wamekutia mfukoni mwako wewe: stika, pasi, karatasi za gari. Siku wakiutaka watakuuliza popote watakapokukuta. Kanunue kesho."

Nikamwitikia kwa adabu, na kesho yake sikununua. Baada ya hapo nilivuka mara mbili kwenda dukani upande wa Ujerumani, sikuulizwa hata jina. Kiburi changu kikanenepa. Wazee walisema kuuliza si ujinga, lakini mimi nilikuwa na ugonjwa mwingine, wa kuambiwa nisisikie. Utaona ulivyoponywa, na aliyelipia dawa si mimi.

Katika familia ile alikuwepo Rehema, yaya wa watoto, mtu wa Muheza. Mwanamke mpole, mcheshi, akiniita Kaka Salum. Wiki ya tatu mdogo wake alimpigia simu: mama yao hali yake mbaya, na jina analolitaja ni la Rehema tu. Kafili hakusita. Akamkatia tiketi ya ndege ya kesho yake, saa nane mchana, kutokea Munich. Angefika Doha, angeunganisha Dar es Salaam, na jioni ya siku ya pili angekuwa kwa mama yake. Akaniambia mimi nimpeleke.

Mzee Omari alinifuata jikoni. "Salum, stika. Na kachukue pasi yako. Mtoke saa moja."

Sasa sikiliza, maana jambo hili litakukuta na wewe. Pasi zetu tulipofika zilikusanywa, zikafungiwa kwenye sefu chumbani kwa Madam, mke wa kafili. Ya Rehema alikuwa ameshapewa kwa safari. Ili nipate yangu ilinibidi nibishe hodi kwa Madam asubuhi, naye alikuwa anachelewa kuamka na hapendi kusumbuliwa. Nilisimama mlangoni pale, mwanangu. Mkono niliuinua kabisa. Nikaona haya, nikaushusha.

Na saa moja yenyewe hatukutoka. Nilikunywa chai, nikaosha gari ling'ae. Tulitoka saa tatu. Rehema ameshika mkoba wake kifuani, ananiuliza, "Kaka Salum, na pasi yako umechukua?"

Nikacheka. "Ya nini? Anayesafiri ni wewe."

Hatukwenda mbali. Kwenye barabara kuu gari moja la wakaguzi wa ushuru likatupita, likatuashiria tulifuate pembeni. Stika? Sina. Wakaandika, wakapiga picha kioo, nikalipa faini papo hapo kwa hela ya mafuta. Rehema anatazama saa. Nikamwambia tutaifidia mbele. Nikakanyaga mafuta.

Mbele, tunaingia Ujerumani, magari yamejipanga. Pale nilipopita mara mbili kama napita uani kwetu, siku hiyo wamesimama askari, wanakagua. Alipotufikia askari mmoja, kijana kama wewe, akaomba pasi. Rehema akatoa yake. Mimi nikatoa leseni na kitambulisho changu cha Qatar. Akavigeuza huku na huku, akatikisa kichwa. Akasema kwa Kiingereza cha taratibu kwamba dada anaweza kupita. Mimi siwezi.

Apite na nani? Gari hajui kuendesha, na pale ni barabara kuu, hapana teksi wala kituo cha basi. Tukawekwa pembeni. Nikampigia Mzee Omari, aniletee pasi. Hakunigombeza. Alisema neno moja tu, "Nakuja," na ningependa angenitukana.

Rehema alishusha sanduku lake akakaa juu yake. Mimi nikawa natembea kutoka gari hadi kibanda cha askari, kibanda hadi gari, kama nitembeavyo sasa hivi mbele yako. Miguu hii haijatulia tangu siku ile. Kila gari lililokuja nilidhani ni yeye. Rehema hakulia, hakunilaumu. Alikuwa anaongea na mdogo wake kwenye simu, nikamsikia akisema, "Mwambie mama niko njiani. Mwambie niko njiani."

Mzee Omari alifika, pasi ikaonekana, tukaruhusiwa. Akamchukua Rehema kwenye gari lake, lenye stika yake, akaenda mbio. Walipofika uwanjani mlango wa ndege ulishafungwa.

Aliondoka kesho yake saa ileile. Mama yake alifariki alfajiri ya siku ya tatu, wakamzika adhuhuri, maana maiti haisubirishwi. Rehema akaingia Muheza magharibi. Angepanda ndege ya kwanza angepata usiku mmoja na mama yake. Usiku mmoja tu, mwanangu, na huo nilimnyang'anya mimi, kwa kuogopa kugonga mlango.

Nilimwomba radhi, akasema ni kudura ya Mungu. Ni kweli, lakini mkono ulioshuka pale mlangoni ulikuwa wangu.

Basi sikia, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilivunja la mwenzangu. Ulaya usingoje geti. Kila nchi ina sheria yake ya barabara: hapa stika, pale unalipa kibandani, kwingine hulipi kitu. Uliza kabla hujawasha gari, na ukiambiwa, tenda siku hiyohiyo. Usijidanganye kwamba kupita jana bila kuulizwa ni ruhusa ya leo. Na pasi yako, wakiikusanya mkifika, sema kwa heshima: mimi dereva, navuka nchi, naomba nikae nayo. Wakikataa, basi kila unapotoka bisha hodi uiombe. Madam akinuna, atanuna asubuhi moja. Mimi haya yangu inanisumbua mpaka leo.

Rehema bado yupo, anafanya kazi nyumba ya tatu kutoka hapa, hapa hapa Al Wukair, pembeni mwa Doha. Kila akienda likizo ni mimi ninayempeleka uwanja wa ndege. Ni mwendo wa hapa na hapo, wala hapana mpaka wa kuvuka. Lakini hafungi mkanda mpaka aniulize, "Kaka Salum, pasi yako unayo?" Naitoa mfukoni namwonyesha. Ndipo anasema haya, twende.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akulainishie njia, akurudishe mzima, na kila utakayempakia amkute hai anayemngojea. Hebu nionyeshe mkono wako wa kulia. Haya, gonga hiyo meza. Kwa nguvu. Hivyo hivyo ndivyo utakavyougonga mlango wa Madam.