Kamati ya Samoni: Kutoka Fittja hadi Älvkarleby

Nilisafiri kwa sababu nilichoka kuitwa mwongo. Hapa Fittja, pembezoni mwa Stockholm, Sweden, mtu akitia chumvi katika habari yake, Waswahili wenzangu husema, "Huyo sasa ni sangara wa Rehema." Rehema ndiye mimi. Kosa langu ni kuwasimulia, miaka mingi iliyopita, kwamba nikiwa na miaka kumi na mmoja kule Mwanza nilimvua peke yangu sangara aliyenizidi urefu. Nilimvua kweli. Ila hakuna aliyeniona, na utani ukakua mpaka binti yangu Zuhura, aliyezaliwa huku na sasa ana miaka kumi na sita, akaanza kuutumia. Hapo iliniuma. Nikatangaza mbele ya watu kwamba nakwenda kwenye mto wa samoni na nitarudi na samaki.

Mwezi mzima wa Mei tulipanga. Sisi hatujui kwenda popote bila kamati, kwa hiyo tukaunda ya watu watatu. Shemeji Juma, mdogo wa mume wangu, mtu wa kompyuta huko Kista na mtani wangu namba moja, alijipa uenyekiti kwa kuwa gari ni lake. Zuhura akawa katibu. Ndiye aliyechagua mto Dalälven, pale Älvkarleby, na kuwahi vibali vya kuvua vya siku mbili, maana mto ule unapendwa na vibali huisha mapema. Mimi nilipewa chakula, nikapika kama mtu anayeozesha: sufuria ya pilau, chapati arobaini, sambusa na chupa tatu za chai. Juma alipoona mzigo akaniuliza, "Shemeji, hivi vyote vya nini, na samaki tunaye?"

Ijumaa, saa nne asubuhi, tuliondoka. Tulipopita Märsta tulimpigia honi mume wangu, aliyekuwa zamu uwanja wa ndege wa karibu na hapo na asingeweza kutusikia. Baada ya Uppsala ilikuwa misonobari tu, kushoto na kulia. Nilizungumza na Zuhura kwa Kiswahili naye akanijibu kwa Kiswidi, kama tunavyofanya nyumbani siku zote. Njiani nikapitisha azimio la kamati: simu zibaki garini, mtoni tuangalie maji. Katibu alinuna, lakini azimio likapita.

Saa saba mchana tulifika. Mwenyeji wetu, mzee Lennart, aliyetukodisha nyumba ndogo ya mbao, alitupeleka ukingoni na kutueleza sheria ya mto kwa Kiswidi cha polepole. Samoni aliyekuzwa na watu hukatwa pezi dogo la mgongoni, lile lililo karibu na mkia. Huyo unaweza kumla. Mwenye pezi lake ni wa mto wenyewe, na lazima arudi majini haraka.

Mchana ule sikupata kitu. Nilizoea maji ya ziwa, na haya yalikwenda mbio na kuninyang'anya chambo kabla sijajiweka sawa. Lennart alinitazama kwa muda, kisha akaniambia nisivute, niuache mto ufanye kazi. Juma alikuwa amekaa juu ya jiwe akihesabu mitupo yangu kwa sauti, na hadi jioni alikuwa ameshaanza kutunga habari ya kupeleka Fittja. Nilicheka naye, lakini moyoni niliogopa sana.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, jua lilikuwa limeshapanda juu. Juma alikula pilau, akaongeza chapati nne, akasema ananyoosha mgongo garini dakika tano tu. Tukashuka mtoni na kumwacha akikoroma. Zuhura akaja kusimama karibu nami akiwa na wavu wa Lennart.

Saa moja na robo mshipi ulikaza. Sikuvuta. Nilimwacha aende, na alipochoka nikamrudisha kidogo, akaenda tena, nikamwacha tena. Mikono yangu ilijua la kufanya, ileile ya Mwanza. Sijui ilichukua muda gani. Zuhura aliingia majini na viatu vyake vyeupe, akamkinga kwa wavu, na tukamwona: mnene, anang'aa, anafika kutoka kiunoni kwa Zuhura hadi miguuni. Nilipiga kelele ya furaha mpaka ndege wakaruka.

Kisha nikaona pezi. Nikaangalia mara ya pili, lipo.

Zuhura aliniuliza kama akimbilie simu apige picha. Gari lilikuwa mbali, na samaki alikuwa anahema. Lennart alikuwa ameshafika nyuma yetu. Nikafikiria Fittja nzima, nikafikiria na azimio langu la kijinga. Nikamshika samaki chini ya maji kwa viganja viwili, akapumua, akapiga mkia, akaturushia maji usoni na kwenda zake. Tulicheka mimi na binti yangu kama wendawazimu. Juma alipoamka na kusikia habari ilibidi akae chini kwa kucheka. "Basi huyu ni sangara wa pili," alisema.

Jumapili alasiri, siku ya kikao chetu cha mwezi hapa Fittja, ukumbi ulikuwa umejaa. Mama Furaha wa Bukavu alikuwa ameshika sahani tupu. "Alors, Rehema, samaki iko wapi?" Juma akaeleza kwa niaba yangu, na watu wakacheka hadi machozi.

Zuhura akasimama. Mbele ya watu wazima alikuwa hajawahi kusema Kiswahili, akiogopa kuchekwa.

"Mimi nilikuwepo," alisema. "Mimi nilishika wavu. Alikuwa na pezi, mama akamrudisha."

Akasimulia yote, taratibu, tangu mshipi ulipokaza hadi viatu vyake vilivyoharibika, na hakuna aliyecheka. Nilikwenda kule kutafuta samaki, na kumbe tangu Mwanza nilikuwa nimepungukiwa shahidi.

Juma, ambaye hakubali kushindwa, akamuuliza samaki mwenyewe alikuwa mkubwa kiasi gani. Zuhura akanyoosha mikono. Akanitazama, kisha akaitanua zaidi, kama shubiri nzima. Nikanywa chai yangu, sikumsahihisha.