Kumbeba Kapteni

Mama Makochi hakuingia jimu kutafuta kiuno. Kiuno alikuwa nacho zamani, kikaondoka zake bila kuaga, na yeye hakukitumia salamu. Alikuwa fundi wa makochi, mwanamke wa makamo mwenye mikono ya kung'oa misumari. Siku alipotokea mlangoni na ovaroli la kazini na raba mpya, vijana waliokuwa wakijitazama misuli kwenye kioo walivunjika mbavu.

"Karibu, shangazi," Kocha alimwambia. "Tunapunguza tumbo?"

"Tumbo liacheni, halijawakosea. Nataka kubeba mtu."

"Mtu gani?"

"Mume wangu."

"Umpeleke wapi?"

"Anga za juu," alijibu, akainama kufunga kamba za raba.

Hakuwa anatania, au basi alitania nusu. Mumewe, karani mstaafu wa posta, alikuwa na ugonjwa mmoja wa tangu ujana: filamu za anga. Vyombo vya kuruka, sayari zenye majua mawili, roboti wenye huruma kuliko majirani. Yeye ndiye aliyeanzisha chama cha mashabiki wa filamu hizo. Kila mwaka wanachama hukodi ukumbi mkuukuu wa sinema, huvaa kama viumbe wanaowapenda, na huangalia filamu moja pamoja. Na kila mwaka yeye aliingia wa mwisho, ndani ya suti ya nahodha wa anga aliyoshonewa na mkewe, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia saluti. Hata sokoni alikuwa Kapteni.

Kisha kiharusi kikampitia upande wa kushoto. Kusimama aliweza, mradi ashike kitu, na hatua chache za kuburuta aliziweza pia. Ngazi ndizo zilizomshinda, na ukumbi ule uko ghorofa ya pili, bila lifti. Mwaka uliofuata vijana wa chama walijitolea kumpandisha akiwa amekaa kwenye kiti. Alikataa katakata.

"Kapteni habebwi na abiria wake kama kabati," alisema.

Hakwenda. Tangu siku hiyo hakuwasha tena televisheni, na hilo lilimtisha mkewe kuliko kiharusi chenyewe. Mwanamume aliyekuwa akimfuata hadi jikoni kumweleza kwa nini chombo fulani kisingeweza kutua, sasa alikaa tu akitazama mikono yake. Mama Makochi alimpenda mume msumbufu, na alimtaka arudi.

"Nikikubeba mimi je?" alimuuliza asubuhi moja akimfunga vifungo.

"Wewe si abiria," Kapteni alisema. "Wewe ni fundi mitambo."

Hiyo ndiyo sababu ya jimu. Kocha alikuwa hana simile, hakuna cha shangazi wala mjomba: "Sukuma kwa visigino! Kiuno hakina kazi hapo!" Wiki za mwanzo Mama Makochi alishuka ngazi za jimu kinyumenyume huku akiyalaani mapaja yake kwa majina. Alijikaza kisabuni. Vijana wa kioo waliacha kucheka, wakaanza kumsogezea vyuma bila kuombwa. Karakanani alibeba marobota ya vitambaa mgongoni, akizunguka meza, na mteja aliyeingia ghafla alirudi nje kuhakikisha hajakosea mlango. Nyumbani alimbeba mume mwenyewe, kutoka kitandani hadi sebuleni, naye Kapteni akitoa amri za kupaa. Jioni moja televisheni iliwaka tena.

Lilibaki suala la suti. Ile ya zamani ilimpwaya kama gunia, kwa sababu bega la kushoto lilikuwa limenywea. Mama Makochi akashona mpya, ya ngozi ya bandia inayong'aa, na ndani akajaza sponji: bega likapanda, kifua kikajaa. Vijana wa jimu walikuwa wakitoka jasho mwaka mzima kukitafuta kifua kile. Kapteni alijiona kwenye kioo, akajifuta macho kwa mkono mzima.

Siku ya siku, mchana, binti yao aliwapeleka kwa gari. Mashabiki walikuwa wamejipanga kwenye ngazi, wakiegemea ukuta ili kuacha njia: roboti, watu wenye pembe, malkia wa sayari isiyojulikana. Mama Makochi akampa mumewe mgongo, akachuchumaa, akainuka.

Kapteni akateleza, akarudi chini.

Akajaribu tena. Ngozi ile ilikuwa laini mno, na kwa unene wa sponji mikono yake haikuweza kumshika mapaja. Alikuwa amefanya mazoezi yote na mtu aliyevaa pajama. Mara ya tatu nusura waanguke wote wawili.

"Twende nyumbani," Kapteni alisema polepole.

"Vua suti."

"Mbele ya watu?" Macho yake yalikuwa yamejaa hofu. "Wanione hivi nilivyo?"

Alikuwa mtu wa kufa na tai shingoni, na mkewe alilijua hilo. Akawageukia mashabiki kwa sauti ile anayowatolea wateja wakorofi.

"Jamani! Geukeni ukutani wote. Na asigeuke mtu mpaka Kapteni aseme!"

Wakageuka. Pembe zikagusa ukuta, antena zikapinda. Binti alipokea suti, Mama Makochi akainama, na safari hii mikono ikashika. Akapanda na mume wake aliyevaa fulana na kaptura, mguu wake mwembamba ukining'inia ubavuni. Sukuma kwa visigino. Kofia ya roboti mmoja ilianguka ikabiringika hadi chini, na mwenyewe hakuifuata kwa jicho. Kwenye kona mapaja yaliwaka moto, akasimama, akahema, akaendelea.

Juu walimvika suti haraka. Akashika chuma cha ngazi kwa mkono wa kulia, akanyoosha shingo.

"Geukeni," alisema.

Saluti zikapanda kwa mkupuo. Akaingia kwa miguu yake, akiburuta ule wa kushoto, mkewe nyuma yake kama fundi yeyote wa mitambo. Waliokwisha kuketi ukumbini walisimama, na wengine walilia bila kuficha.

Taa zilipozimwa, Mama Makochi alikuwa bado anajifuta jasho. Alikuwa na furaha, ila kijichembe cha uchungu hakikumwachia, na yeye si mtu wa kufuga neno.

"Jasho lote lile," alimnong'oneza, "na hakuna hata mmoja aliyeniona."

Kapteni aliutafuta mkono wake gizani.

"Mimi nilikuwepo," alisema. "Nimeona ngazi zote."