Tulivyoifungia Mota Darubini ya Baba

Sisi tuliokulia Igogo enzi zile umeme ukikatika unasahaulika, tuna mambo ambayo ukiwasimulia watoto wa leo wanakuuliza, "Sasa simu mlikuwa mnachajia wapi?" Unaacha tu. Mtaa mzima ulikuwa ukilalamikia giza isipokuwa baba yangu. Taa zikizimika yeye alivaa sweta, akasema, "Afadhali," kisha akaenda chumbani kutoa darubini.

Baba alikuwa mwalimu wa jiografia, Mhaya wa Kagera aliyehamishiwa Mwanza akaja na mke, godoro na miche ya migomba. Darubini aliachiwa na mwalimu mwenzake wa kigeni aliyemaliza mkataba akarudi kwao. Ilikuwa bomba jeupe, refu kama mtoto wa darasa la pili, lenye miguu mitatu. Tuliisimika juu ya jabali nyuma ya nyumba, jabali lilelile ambalo mchana mama alianikia dagaa na jioni sisi tulichezea mdako. Mpaka leo mtu akitaja sayari mimi nasikia harufu ya dagaa.

Tulikuwa na raha zetu, msituone hivi. Asubuhi mchakamchaka, kidumu cha maji mkono mmoja na fagio mkono mwingine, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa mfukoni mwa sketi, ikitafunwa kimyakimya mwalimu akigeukia ubao. Jioni kombolela katikati ya mawe. Mawe ya Igogo yanaficha mtu kweli. Kaka yangu Deo aliwahi kujificha vizuri mpaka akalala usingizi, na sisi tukaenda kula. Kuna siku wadudu wa ziwani walipanda kutoka majini kama moshi, tukaongea tumefunga midomo. Na zikifika siku za sayari ya Zohali kuonekana mapema baada ya jua kuzama, tuliitwa jabalini tukiwa bado tunalamba vidole vya ndizi na maharage.

Sasa nyumbani kwetu hata sayari ilikuwa na adabu yake. Kutazama kulikwenda kwa umri. Baba kwanza, mama wa pili, Deo wa tatu, mimi wa mwisho, na wageni wakiwepo narudishwa nyuma zaidi. Tulipanga mstari kama wa mashine ya kusaga. Baba alivua miwani yake minene, maana ilikuwa inagonga kioo cha kutazamia, akainama, akazungusha kile kigurudumu cha pembeni kinachosogeza kioo mbele na nyuma mpaka picha itulie. Ikitulia alikaza skrubu ya chini ili kitu kisihame. Halafu alisema, "Mkubwa akishaweka, mdogo haweki upya. Tazameni."

Tukatazama. Mimi nilichoona ni kitu kama kiini cha yai nyuma ya pazia. Baba akauliza, "Mmeiona?" Mama akajibu, "Tumeiona, Baba Deo." Deo akasema tumeiona. Mimi ningekuwa nani niseme sijaiona? Mama alikuwa na msemo wake, heshima si utumwa, na aliusema hasa pale ambapo mtu alianza kuona kama ni utumwa. Shuleni walipotuchorea Zohali yenye pete safi kiunoni, nilijua mchoraji ametia chumvi. Zohali niliifahamu mimi, ilikuwa jirani yetu. Watoto wa siku hizi ukiwawekea chai haina sukari wanakuambia hapohapo, mbele ya wageni.

Miaka ikaenda. Deo akapata kazi Dodoma. Mimi nikawa fundi cherehani, si wa kushona, wa kuzifunga mota. Ukipita Mkuyuni ukaona fundi nguo anashona huku miguu imetulia kama yuko kanisani, jua ni kazi yangu hiyo. Baba akastaafu, akabaki na mama na darubini palepale Igogo.

Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka. Kikombe alikimudu kwa kukishika kwa mikono miwili, shati alifungwa vifungo na mama, wala hakulalamika. Ila darubini haitaki mkono wa namna hiyo. Ukigusa kigurudumu kidogo tu, Zohali inaruka kama panzi, na kabla haijatulia unakuwa umeshagusa tena. Jioni moja nilimkuta anafunga lile bomba kwa shuka la zamani.

"Peleka kwa watu wa vyuma chakavu," aliniambia.

"Baba, na wewe utatazama nini?"

"Macho bado ninayo. Mkono ndio umestaafu."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kuagiza chumvi dukani. Mimi iliniuma. Baba yangu hakuwa na baa, hakuwa na bao, hakuwa na timu ya mpira. Alikuwa na kitu kimoja duniani, nacho hakiko duniani. Nikachukua darubini kama nilivyoagizwa, nikapeleka kwenye banda langu Mkuyuni.

Mota ya cherehani isingefaa, ingemzungushia Zohali mpaka ashone suruali. Nikaagiza mota ndogo yenye gia, ile inayozunguka taratibu kama mtu anayetumwa asikotaka, pamoja na rimoti ya waya yenye vitufe viwili. Nikavua kile kigurudumu cha pembeni, nikakata kishikizo kutoka bati la alumini la mafundi masufuria, nikatoboa, nikaibana mota kwenye ekseli iliyokuwa ikikishika. Nikabonyeza. Mota ikanguruma, kioo hakikusogea hata kidogo. Nikakaza zaidi, ikanguruma zaidi. Nilibadilisha betri, nikabadilisha waya, nikamlaumu aliyeniuzia. Ndipo nikakumbuka ile skrubu ya chini. Baba alikuwa ameikaza kama alivyoikaza siku zote, mdogo asiweke upya. Nilipoilegeza, kioo kikaanza kutembea vizuri tu. Nikajaribu mchana kwa kulenga jabali la ng'ambo ya ghuba, nikaona hadi mbuzi aliyelala juu yake.

Nikairudisha Igogo jua linazama. Baba aliitazama mota kwa muda, akauliza kama inakula umeme mwingi. Nikamwambia ni betri. Akavua miwani, akaweka mikono yote miwili mapajani, rimoti akiwa ameibana kwenye kiganja, akainama. Mkono ulitetemeka vilevile, lakini ulitetemekea kwenye rimoti, darubini haikuwa na habari. Akabonyeza. Akaachia. Akabonyeza kidogo tena.

"Ipo palepale," alisema. Nikageuka kutazama ziwa.

Zamu ya mama. Baba alitaka kuvaa miwani, akampa mama rimoti amshikie. Mama akainama nayo mkononi.

"Nikibonyeza itaharibika?"

"Haiharibiki, mama. Inakwenda na kurudi."

Akabonyeza, kitufe kimoja, kisha kingine, taratibu, kama anayepima chumvi kwenye mboga. Ghafla kidole kikasimama.

"Baba Deo. Ina pete."

"Pete ipo tangu dunia inaumbwa."

"Mimi ndio naiona leo."

Baba akakaa chini kwenye jabali. Yeye ni mwalimu, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Miaka yote alikuwa akituliza picha kwa macho yake mabovu bila miwani, anakaza skrubu, na sisi wenye macho mazima tunaachiwa ukungu wa kumshukuru.

"Na wewe hukuwahi kuiona pete?" akaniuliza.

"Na mimi sikuwahi, baba."

Akatoa simu, akampigia Deo Dodoma. Deo akaamkia, baba akaitikia marahaba, akauliza moja kwa moja, "Ile Zohali tulipokuwa tunaitazama, wewe ulikuwa unaionaje?" Kisha Deo, mtu mzima mwenye kitambi na watoto watatu, akajibu, "Vizuri sana, baba. Kwani vipi?" Baba akakata simu.

"Anadanganya huyu."

Baba alitazama mikono yake, akasema polepole, "Kwa hiyo nilikuwa naiona peke yangu."

Mama hakuinua jicho kwenye kioo. "Hukuwa peke yako. Tulikuwa nyuma yako, tumepanga mstari."

Wanangu wanaweza kunionyesha Zohali kwenye simu sasa hivi, inang'aa, ina rangi, na kila mmoja anaitazama kwenye simu yake, kwenye kochi lake. Sibishi, ni nzuri kuliko ya kwetu. Ila sijawahi kuona mtu anaisubiri nyuma ya mwenzake.

Baba aliinuka, akajifuta vumbi, akaja kusimama nyuma ya mama. Mimi nikasogea nyuma ya baba. Tulisubiri sana, maana mama hakuwa na haraka.