Kokoto Ndani ya Chungu

Kwa miaka ishirini na sita mjane yule alikanyaga udongo wa vyungu vya kuyeyushia kioo, tena kwa miguu mitupu. Wayo ndio uliokuwa chekeche la mwisho: kokoto ndogo kama punje ya mtama ikibaki, chungu hupasuka tanurini. Akishavijenga, alivikausha miezi sita katika chumba alicholala mwenyewe, dirisha limefungwa, maana upepo ukivipiga vikingali vibichi huvitia nyufa. Habari za dirisha hakuwahi kumfundisha mtu. Mumewe alipokufa, karakana ilichukuliwa na shemeji yake; yeye akaachiwa chumba.

Shemeji alipomwoza mwanawe, macho yake yakaanza kukipima chumba kile. Akamwambia mjane amfundishe kazi mkaza mwana, naye mjane atakaa pale mpaka azikwe. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Mjane akafundisha.

Siku ya tatu binti yule akaingia kwenye udongo na mabuti ya mpira, ati anaogopa magaga. Mjane akaenda kushtaki.

"Shemeji, buti halioni kokoto."

"Ulitaka awe na miguu ya mamba kama yako?"

Wapuliza kioo wakacheka, hata yule aliyekuwa akila kwa mjane kila mchana.

Chungu cha mabuti kikakauka miezi yake sita, kikaingia tanurini, na siku ya nne kikapasuka. Kioo cha moto kikamwagika chote, kikagandia sakafu ya tanuri, tanuri likazimwa. Vigae vilipopoa mjane alivichokonoa, akaikuta kokoto imekaa katikati ya ufa. Akamwekea shemeji kiganjani. Mkaza mwana akainamisha uso.

Shemeji akaitupa kokoto nyuma ya bega.

"Mwanafunzi hana kosa. Kosa la aliyemfundisha. Kesho utoke chumbani, hawa watoto walale humo na vyungu, kama ulivyolala wewe."

Asubuhi mjane alifunga nguo zake kwenye shuka. Vyungu tisa vilikuwa mle, vya miezi miwili, vikavu kwa nje na vibichi tumboni. Alivipapasa kimoja kimoja, vyote alivikanyaga mwenyewe. Mlangoni akakutana na mkaza mwana amebeba godoro.

"Mama, kuna la kuangalia humu?"

Mjane akarudi ndani, akalisukuma dirisha mpaka mwisho, akaliwekea jiwe lisijifunge.

"Kiache chumba kipate hewa, mwanangu," akasema, akaenda zake.