Vitambaa vya Kijani

Kila asubuhi mama mdogo hufunga mlango, huvuta kufuli, huenda mpaka kwenye kona ya ukuta, halafu hurudi kulivuta tena. Ndipo huenda kazini. Majirani wanamwita Mama Kufuli, naye huitika bila kununa. Ni fundi cherehani, anashona sare za shule katika chumba kimoja nyuma ya kituo cha mafuta. Hata mkasi wake ameufunga kwa kamba kwenye mguu wa meza, usije ukapotea.

Kwa hiyo aliposema anataka kuipeleka familia mlimani, kutembea na mizigo mgongoni na kulala kwenye hema, mumewe, dereva wa lori, alicheka mpaka chai ikampalia.

"Wewe? Wewe unayeogopa kuku akikutazama sana?"

"Cheka, baba watoto. Ukimaliza utaniambia kama unabeba hema au masufuria."

Mimi ninaishi nao nikisoma chuo kikuu, kwa hiyo sababu niliijua. Juma lile kitindamimba wao, msichana mwenye maswali mengi, alikuwa amekataa kwenda safari ya darasa lake. Mwalimu alimsihi weee, hakutaka. Asubuhi iliyofuata mama mdogo alimkuta mlangoni amesimama juu ya ndoo, analivuta kufuli, anashuka, anapanda kulivuta tena. Mama alienda kazini kama kawaida. Lakini siku hiyo alishona mfuko wa shati juu chini, jambo ambalo halijawahi kumtokea.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," aliniambia jioni. "Sasa huyu wangu atakuwa nani? Mali sina, na woga ndio nimrithishe?"

Akaanza kupanga. Alimwuliza mlinzi wa msitu maswali mpaka yule mzee akavua kofia na kukaa chini. Mlinzi akatuchagulia njia ya wanaoanza: pana, haina mwinuko mkali, inaishia kwenye uwanja wa kambi wenye maji. Kutoka hapo hadi bwawa la mwambani, ambalo mama mdogo alitaka mtoto alione, hakuna njia, mtu hupenya vichakani tu, ingawa si mbali.

"Wekeni alama mnapopita," alisema. "Na mkipotea msikimbie. Anayekimbia anazidi kupotea."

Mama mdogo alishona mabegi ya mgongoni kwa turubai, la kitindamimba likiwa dogo na mikanda mipana isiyokata mabega. Kila begi alilitundika kwenye msumari, akaivuta mikanda kwa uzito wake wote. Kisha akasema hawezi kumpeleka mtoto mahali ambapo yeye mwenyewe hajapaona. Tukatangulia sisi wawili.

Hadi kambini tulienda tukipiga soga. Tulipoingia vichakani soga zikaisha. Alikuwa na mfuko wa vipande vilivyobaki kwenye sare, na kila tulipokata kona alifunga kimoja kwenye tawi. Bwawa tulilifikia. Maji yalikuwa meusi, yametulia, mawingu yakionekana ndani yake. Mama mdogo akatabasamu, tukageuka.

Kitambaa cha kwanza tulikiona. Na kilichofuata. Baada ya hapo, majani matupu. Nikatazama ule mfuko mkononi mwake. Shule anayoishonea huvaa kijani, na rangi ile ameishi nayo mpaka haioni tena. Nami ndiye niliyekuwa nikimchomolea kipande kimoja kimoja kutoka humo.

"Mungu wangu," akanong'ona. "Nimefunga majani kwenye majani."

Ukungu ulikuwa unashuka. Miguu yangu ilikwishaanza kukimbia alipoukamata mkanda wa begi langu.

"Simama hapa. Kishike kitambaa hiki cha pili, usikiachie. Mshono ukifumuka, unarudi pale uzi uliposhika. Mimi natafuta kinachofuata. Wewe piga kelele, nisipotewe na sauti yako."

"Sijui la kusema, mama."

"Chuo kikuu chote kile, ukose la kusema!"

Nikaanza kuhesabu.

"Sikusikii! Huyo ni mbu au ni wewe?"

Nikapaza sauti. Nikamwita mama mdogo, nikamwita fundi, mwishowe nikamwita Mama Kufuli.

"Na adabu umeiacha kambini!" akajibu kutoka mbali, sauti ikitetemeka. Kisha akanyamaza. Niliita. Kimya. Niliita tena, nikasikia matone tu yakidondoka kwenye majani. Nilikibana kile kitambaa mpaka kucha zikaniuma.

"Nimekipata! Njoo!"

Nilimkuta amepiga magoti. Macho yalipomshinda alikuwa ameanza kupapasa matawi kwa vidole, tawi baada ya tawi, mpaka akagusa pindo lake mwenyewe. Tulirudi hivyo hivyo, kitambaa kwa kitambaa, hadi tukasikia watu wakicheka kambini. Hapo alikaa chini akalia.

Nyumbani kitindamimba alitupokea mlangoni.

"Mama, mlipotea?"

"Tulipotea."

"Uliogopa?"

"Sana, mwanangu. Mpaka nikakaa chini nikalia."

Mtoto akaenda kulijaribu begi lake.

Asubuhi mama mdogo alifunga mlango, akavuta kufuli, akaenda hadi kwenye kona, akarudi kulivuta. Nilimsubiri pale ukutani.

"Mama mdogo, bado utampeleka?"

"Nitampeleka," akasema. "Ila leo nitafute kitambaa chekundu."